Njia ya Ndoo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipishana na wanafunzi wangu njiani na sikuwatambua.

Nilikuwa natoka Sikonge kwenda Ipole kwa pikipiki ya serikali, chombo ambacho nilikuwa nimekiendesha kwa jumla ya saa mbili maishani mwangu. Ilikuwa Septemba. Wanaoijua Tabora wanaujua mwezi huo: nyasi zinachomwa porini, moshi haupandi wala haushuki, na jua la asubuhi linachomoza likiwa jekundu na butu, unaweza kulitazama usoni kama mtu. Miyombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, na katika mwanga ule msitu mzima ulionekana kama kitu ambacho mtu alikuwa anakikumbuka.

Chini bondeni, kando ya njia, niliona mstari wa watu wadogo wadogo wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, ndoo kichwani, kimya. Nilisimamisha pikipiki, nikavua kofia. Chuo kikuu nilikuwa nimesoma historia, na insha yangu ya mwisho ilihusu wapagazi wa misafara ya zamani, wale Wanyamwezi waliobeba pembe na nguo na shanga kutoka huku hadi pwani na kurudi. Wazee wa Ipole husema tawi moja la njia ile lilipita hapo hapo bondeni. Nilitoa kijitabu mfukoni, nikaandika: *Msafara haujafa, umebadilisha mzigo tu.* Niliiona sentensi nzuri sana. Niliisoma mara mbili kabla ya kuwasha pikipiki.

Shuleni nilipokewa na mwalimu mkuu, mtu mzima, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hadi mstari wake ungeweza kukata mkate.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Karibu, Mratibu."

Mratibu Elimu Kata ndicho kilikuwa cheo changu. Maana yake ni mtu anayesimamia shule zote za kata moja, ana pikipiki, na lita za mafuta zisizomfikisha popote. Nilimwomba mwalimu mkuu anionyeshe darasa la saba, kwa kuwa mtihani wao wa taifa ulikuwa umebaki wiki moja. Alifungua mlango. Madawati yalikuwa yamejaa robo.

"Wengine wako wapi?" niliuliza.

"Hukupishana nao njiani?"

"Nimepishana na watu wenye ndoo."

"Ndio hao," alisema. "Huyo wa mbele siku zote ni dada mkuu wa shule."

Kijitabu kilikuwa kinanichoma mfukoni. Sikuichana ile karatasi. Ninayo mpaka leo, na kila ninapojiona mwerevu huwa naisoma.

Niwaeleze vijana mnaosoma hili, kwa sababu wengi wenu mmekulia mjini na tumbaku mnaijua ikiwa ndani ya pakiti. Zao hilo huanzia kwenye vitalu, yaani vijishamba vidogo vya miche vinavyotengenezwa karibu na maji. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi. Kizibo kimoja cha soda kinatosha kitalu kizima, na huchanganywa na maji ndani ya keni, lile kopo kubwa lenye mdomo wa matundu, kisha hunyunyizwa. Baada ya hapo kitalu hufunikwa nyasi na kumwagiliwa asubuhi na jioni. Ukiruka siku moja katika wiki za mwanzo, jua la Septemba linaumaliza mwaka wako. Baadaye kuna kupandikiza, kuvuna, kufunga majani kwenye vijiti, kuyakausha ndani ya bani, ambayo ni nyumba ya udongo yenye tanuri, na kuyapanga kwa madaraja. Katika kila hatua kuna kazi inayosemwa kuwa inafaa vidole vidogo na migongo mifupi. Nilisikia neno hilo, "inafaa", mara nyingi kuliko neno lolote lingine katika utumishi wangu.

Mwaka ule wa kwanza, watoto kumi na mmoja wa Ipole waliosajiliwa hawakufanya mtihani. Dada mkuu niliyepishana naye alikuwa mmoja wao. Nilikuta ameolewa kabla sijajifunza jina lake, na sijalijua hadi leo.

Mkuu wangu wakati huo alikuwa Ofisa Elimu wa Wilaya, mwanamama mnene wa sauti ndogo, ambaye barua zake zote ziliishia na maneno "utekelezaji wa haraka". Nilimpelekea ripoti ya kurasa kumi na nne, yenye utangulizi kuhusu karne ya kumi na tisa. Aliirudisha na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: *Wapagazi wamekufa. Waliotoroka majina yao yako wapi?*

Basi nikawa mtu wa majina. Nilijifunza kusoma rejista ya mahudhurio kama daktari anavyosoma kipimo. Mtoto aliyekosa Jumatatu tu, huyo mama yake anakwenda mnadani. Aliyekosa wiki nzima Februari, huyo anavuna. Nilijifunza kutazama mikono pia, maana majani mabichi ya tumbaku huacha gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Nilipita madarasani nikisema, "Mikono juu." Wazazi wakagundua. Ndani ya mwezi mmoja nyanya mbichi ziliadimika kijijini. Kila mtu alijua kuwa maji ya nyanya mbichi huing'oa gundi ile. Watoto wakawa wanakuja na mikono myeupe na macho yaliyojaa usingizi, nami nikaandika kwamba hali imeboreka.

Katika mwaka wangu wa tatu nilimfahamu Nyamizi.

Alikuwa darasa la saba, mrefu kuliko wenzake, na alikuwa na tabia ya kujibu swali baada ya kulifikiria, jambo ambalo walimu wengi hudhani ni ujinga. Mwalimu mkuu aliniambia, "Huyu atapita. Akikaa kwenye dawati siku ya mtihani, atapita. Kazi ni kumkalisha."

Baba yake aliitwa Maganga, mkulima wa vitalu kumi na viwili, vingi kuliko vya mtu yeyote upande ule. Katika nyumba yake kila mtoto alikuwa na vitalu vyake, na vilitajwa kwa jina la mtoto: vya Shija, vya Kabula, vya Nyamizi. Nyamizi alikuwa na vinne. Alipewa cha kwanza alipokuwa na miaka saba, na siku hiyo alichinjiwa kuku. Hilo nilielezwa baadaye. Wakati ule nilichokuwa nacho ni rejista, na rejista ilisema siku kumi na tisa hayupo.

Nilifanya kilichoandikwa kwenye waraka. Nilimpeleka Mtendaji wa Kijiji na hati ya wito, karatasi yenye mhuri inayomtaka mzazi afike mbele ya baraza la kata. Nilijisikia vizuri nikiisaini. Siku ya baraza tulimngoja Maganga hadi saa saba. Siku ya pili Mtendaji alirudi akitikisa kichwa.

"Nyumba imefungwa, Mratibu. Kahamia porini."

"Porini wapi?"

"Kambini. Kafungua vitalu vipya kwenye kijito, mwendo wa nusu siku. Kaondoka na familia yote. Kasema huko hakuna mihuri."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani. Mwalimu mkuu hakunilaumu. Alifuta vumbi kwenye dawati la Nyamizi kwa kitambaa chake cha mfukoni, akakikunja, akakirudisha. "Angekuwa anakosa siku mbili tatu kwa wiki," alisema. "Sasa atakosa zote."

Nilienda kumtafuta. Pikipiki ilifika ilipofika, kisha nikatembea. Sijui kama nimewahi kutembea hivyo tena. Njia ilikuwa ya mchanga mwekundu, nyembamba, imechongwa na nyayo, na juu yake moshi ulikuwa umetanda kama chandarua. Mizinga ya nyuki ilining'inia kwenye miti, na mlio wake ulikuja na kupotea, hata nikashindwa kujua kama ni nyuki au ni masikio yangu. Nilikuwa na kiu. Mara mbili nilihisi kuna watu mbele yangu, wengi, wanakwenda taratibu na kukohoa, na kila nilipofika kwenye kona nilikuta njia tupu na alama za nyayo ndogo. Nilijikuta nikizungumza peke yangu, nikitayarisha hotuba juu ya sheria ya elimu.

Hotuba haikutumika. Maganga alikuwa ameketi kwenye gogo akinoa jembe. Aliniona, akaita ndani, "Mleteeni mgeni maji. Huyu ni mtu wa vitabu, atakufa hapa tuambiwe tumemuua."

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba. Mihuri umekuja nayo?"

"Sina."

"Basi kaa."

Nililetewa maji na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Aliyeleta alikuwa Nyamizi. Alipiga goti, akasema, "Shikamoo mwalimu," bila kunitazama, akarudi kwenye ndoo yake. Nilimwambia baba yake kwamba mtoto huyu ana akili na kwamba wenzake walikuwa wanaingia kambi ya shule, wiki mbili za kulala na kusoma hapo hapo hadi siku ya mtihani. Nilimwomba aniruhusu niondoke naye.

Maganga aliendelea kunoa. "Mratibu, mimi sikatai. Nani kakwambia nakataa shule? Wewe una akili, na ulisoma. Lakini ona pale." Alionyesha kwa jembe. "Vile vinne vya mwisho ni vyake. Vina siku tano tangu kusiwa. Ukimchukua, vinakufa. Vikifa, hawa wote wanakula nini?"

"Wengine si wapo?"

"Kila mmoja ana vyake. Mimi na mama yake tunasafisha shamba." Akaacha kunoa. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Alitwambia msafarani mtu akiugua, na mwingine akasema huyu mwacheni apumzike, basi aliyesema ndiye anayeubeba mzigo. Mzigo haulali njiani. Sasa wewe umesema Nyamizi apumzike."

Alinitazama viatu, kisha usoni, akasubiri nione aibu niondoke. Naamini ndicho alichotaka. Hakujua kwamba mbele yake alikuwa na mtu aliyeandika insha nzima juu ya desturi za wapagazi bila kuikuta hiyo, na kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka.

"Nitavimwagilia mimi," nilisema.

Mama Nyamizi, aliyekuwa anapepeta mtama, alicheka hadi akaweka ungo chini.

Kesho yake nilirudi mjini kuomba likizo. Ofisa Elimu aliisoma barua yangu kwa makini.

"Siku kumi na nne. Unakwenda nyumbani kwenu Ng'ambo, Tabora mjini?"

"Hapana, mama. Nakwenda kumwagilia tumbaku."

Alivua miwani. "Serikali imekuajiri uwatoe watoto kwenye tumbaku."

"Ndiyo, mama. Namtoa mmoja. Nafasi yake ndiyo haitoki."

Alirudisha miwani usoni. "Sijasikia," alisema, akasaini. "Na ole wako nikute hili kwenye ripoti."

Nyamizi aliingia kambi ya shule na sanduku la bati. Nami nikaingia kambi ya Maganga na begi la chuo. Kabla ya kuondoka, Nyamizi alinikabidhi keni yake, akanisokotea ngata ya majani ya kuweka kichwani chini ya ndoo, akanionyesha kwa kidole kilipo kisima, na alipomaliza alisema maneno aliyokuwa ameyabeba moyoni tangu asubuhi: "Mwalimu, usimwage ukiwa umesimama. Inama. Ukisimama maji yanachimba mbegu."

Ndoo zilikuwa kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Siku ya kwanza nusu ya maji ilifika vitaluni, nusu ilifika kwenye shati langu. Siku ya pili shingo ilikataa kugeuka, nikawa natazama dunia kwa upande mmoja kama kuku. Siku ya tatu malengelenge yalipasuka. Nililalamika. Nililalamika kwa Kiswahili fasaha, kwa sauti, kutoka kisimani hadi vitaluni, na wadogo zake Nyamizi, waliokuwa wanapita na ndoo zao wakiimba, walinisikiliza kama redio. Ndiyo, nao walikuwa wanamwagilia badala ya kuwa shule, na mimi mratibu wao nilikuwa nyuma yao kwenye mstari, sikusema kitu. Mkataba ulikuwa wa mtoto mmoja. Nimeulizwa na watu wenye dhamiri safi kama sioni haya. Naona.

Siku ya sita jioni, Maganga aliacha shoka akaja kusimama kando ya kisima. Alinitazama nikiteremka na kupanda, nikiteremka na kupanda. Nilipomaliza ya kumi na mbili nilikaa chini.

"Hizi zote alikuwa anachota yeye?" aliuliza.

"Vitalu si vyako, Mzee?"

"Nilimpa vitalu. Ndoo sikuzihesabu." Akakwangua udongo kwa kidole cha mguu. "Wewe unapiga kelele tangu Jumatatu. Yeye mbona alikuwa haongei?"

Kwa mara ya kwanza katika kazi ile sikutengeneza jibu. Mimi mwenyewe nimekulia Ng'ambo, baba yangu alikuwa fundi wa kushona kanzu, na nilipokuwa na miaka minane nilijua kutia vifungo kuliko kuandika. Lakini nilitia vifungo baada ya shule, nimekaa kivulini, na sindano ikinichoma nilipiga kelele na baba alinyanyua macho. Labda tofauti yote iko hapo. Kuna watoto ambao kelele zao zina mtu wa kunyanyua macho.

Asubuhi ya siku ya saba nilipofika kisimani nilimkuta Maganga ameshachota ndoo nne. Hakueleza. Tulimwagilia pamoja hadi siku ya mwisho, yeye kwa keni yake na mimi kwa keni ya Nyamizi, tumeinama, jua jekundu likipanda nyuma ya moshi, na kama kuna furaha niliyoipata katika utumishi wa umma ni ile, nami nilikuwa likizo.

Nyamizi alikaa kwenye dawati siku ya mtihani. Mwalimu mkuu alikuwa amesema kweli. Alipita, akaenda sekondari, na Maganga alimsindikiza mwenyewe kwa miguu hadi barabara ya lami. Msimu uliofuata alipanda vitalu nane. Msimu wa tatu, sita. Majirani walimsema kuwa amelegea. Alijibu kwamba watu wake wamepungua, lakini watu wake walikuwa wale wale. Walikuwa wamekaa kwenye madawati.

Nisidanganye kwamba mambo yaligeuka kwa sababu yangu. Nilihamishiwa Puge, kule Nzega, ambako badala ya ndoo kulikuwa na ng'ombe, na mkuu wangu mpya, Ofisa Taaluma, alikuwa anapenda grafu. Huko pia nilikuta mambo yanabadilika polepole bila kuniomba ruhusa. Shule zilijengwa karibu. Ada ikaondolewa. Mama mmoja alimwona binti wa jirani amerudi na mshahara, akafikiri. Baba mwingine alidanganywa kwenye mizani kwa kuwa hakujua kusoma, akafikiri zaidi. Nilikuwa naingia kwenye mikutano na hotuba yangu, nakuta wazazi wanaizungumza wao, tena vizuri kuliko mimi. Nikamalizia mjini Tabora, mezani, nikijumlisha rejista za wenzangu. Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na tano. Kwenye sherehe nilipewa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena pa kuchelewa.

Septemba iliyopita nilikwenda Ipole. Sikuwa na sababu. Wastaafu hatuhitaji sababu. Maganga amerudi kijijini kwake siku nyingi. Nilimkuta bondeni asubuhi, mzee kabisa sasa, ameinama juu ya kitalu. Vilikuwa viwili tu. Moshi ulikuwa pale pale, na jua lile lile.

"Shikamoo, Mzee Maganga."

"Marahaba. Bado hujafa, Mratibu?"

"Bado. Nyamizi hajambo?"

"Hajambo. Yuko zahanati, anapima watu damu. Alikuja na wanawe mwezi jana." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Nikamwambia mkubwa akaniletee ndoo ya maji. Akaniuliza, babu, inakaaje kichwani? Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka. Halafu nikaenda mwenyewe."

"Na wa hapa? Watoto wa Shija?"

"Shule."

"Wote?"

"Wote. Hata mtoto wa jirani niliyekuwa namwazima. Asubuhi hapa kimya, unasikia ndege tu. Mmeshinda, nyinyi watu wa mihuri. Sasa mgongo ni huu huu mmoja."

Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha akaenda kwenye kibanda, akarudi na keni ya pili, yenye kutu, mdomo wake umefungwa kwa waya, akaiweka mbele yangu pamoja na ndoo.

Nilivua viatu. Nilitafuta ile njia ya kwenda kisimani, ile iliyokuwa imechongwa na nyayo hadi ikawa kama mfereji, ile niliyoiandikia sentensi nzuri. Sikuiona. Nyasi zilikuwa zimeifunika yote, ndefu, zina umande kidogo chini, na ilinibidi niende nikipapasa kwa miguu, kushoto, kulia, hadi nikafika kwenye maji. Nilijaza ndoo, nikajitwika kichwani, nikarudi katikati ya nyasi nikiwa nimelowa mabega.

"Bado unamwaga," alisema Maganga.

"Njia haipo, Mzee."

Aliigeukia ile nyika ya nyasi, akaitazama kitambo.

"Ndiyo," alisema. "Inama, basi. Utachimba mbegu."